Elimu ya Jamii na Riziki Yake: Nasaha kwa Vijana wa Kedowa na Wazazi Wao

Mji mdogo wa Kedowa umekaa kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho na Kisumu, si mbali na njia panda ya Londiani, mahali ambapo mashamba ya chai, viazi na mahindi hupakana na malisho ya ng'ombe wa maziwa na misitu ya nyanda za juu. Na mtu akisimama sokoni pale kwa siku moja tu, akatazama kwa utulivu mambo ambayo wenyeji wamezoea kuyapita, ataona mbele ya macho yake karibu kila jambo ambalo vyuo vikuu vya ulimwengu hulichunguza kwa jina la sosiolojia, yaani elimu ya jamii. Ataona ndugu wa tumbo moja walioligawa shamba la baba yao hata fungu la kila mmoja likawa halitoshi malisho ya ng'ombe mmoja. Vijana wa boda boda waliomaliza kidato cha nne na wasijue mlango wa kubisha. Akina mama waliopanga kabichi na viazi ukingoni mwa lami wakimngoja msafiri. Na majirani Wakipsigis, Wakikuyu na Wakisii wanaouziana na kukopeshana leo, ilhali wapo miongoni mwao waliokimbiana katika machafuko ya uchaguzi ya mwaka 1992 na ya mwaka 2008.

Lakini katika mji huo huo, mwana wa mkulima anapoarifiwa kwamba amepata nafasi ya kusomea sosiolojia katika chuo kikuu, furaha ya nyumbani huingiwa na tashwishi. Baba aijua kazi ya daktari na ya mwalimu, na mama amewahi kusimama mbele ya meza ya mwanasheria. Bali wote wawili hawajapata kuona mlango ulioandikwa jina la mwanasosiolojia, na swali wanalouliza, nalo ni swali la haki, ni hili: mtoto huyu, baada ya miaka minne ya karo, atakula wapi? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa insafu, bila ya kuipamba elimu hii kupita kadiri yake wala kuipunguzia heshima inayostahili. Jawabu letu kwa ufupi ni kwamba mlango mmoja wenye jina hilo haupo kwa sababu haja ya elimu hii imo nyuma ya milango mingi, na kwamba riziki yake humfikia yule aliyeisoma kuwa ufundi wa kuuliza, kuhesabu, kusikiliza na kuandika, wala haimfikii aliyeisoma kuwa maneno ya kukariri.

Elimu hii huuliza nini

Binadamu haishi peke yake. Huzaliwa ndani ya ukoo, hulelewa kwa mila asizozichagua, hununua na kuuza kwa kanuni alizozikuta, huoa au kuolewa, huabudu, hugombana na kupatana, na akifa huzikwa na watu. Elimu ya jamii huyachukua maisha haya ya pamoja ikayachunguza kwa utaratibu, ikitaka kujua nani ana nini na amekipataje, nani humtii nani, mila ipi hudumu na ipi hufifia, na mabadiliko yakija huanzia wapi. Wala haiikubali kauli kwa kuwa imetamkwa na mzee au na mtawala, bali hutaka ushahidi uliokusanywa kwa njia ambayo mtu mwingine aweza kuifuata na kuikagua.

Fikira hizi hazikuzaliwa Ulaya peke yake. Mwaka 1377 Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika Mukadima yake, akaeleza ndani yake kwamba nguvu ya dola hutokana na mshikamano wa watu, alioutaja kwa jina la asabiya, na kwamba mshikamano huo hulegea kadiri vizazi vinavyozama katika anasa ya miji. Karne nyingi baadaye Mfaransa Auguste Comte aliipa elimu hii jina la sosiolojia, na Émile Durkheim wa nchi hiyo hiyo, katika kitabu chake cha mwaka 1897, akaonyesha kwamba hata kujiua, tendo ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa siri ya nafsi moja, huzidi au hupungua kwa kadiri ya jinsi watu walivyofungamana na jamaa na dini zao. Katika miaka hiyo, msomi mweusi wa Marekani, W. E. B. Du Bois, alikwenda nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wa mji wa Philadelphia, akiuliza na kuandika, na mwaka 1899 akatoa kitabu kilichowakanusha waliosema kwamba umaskini wa watu weusi ni matokeo ya tabia yao ya asili.

Mmarekani mwingine, C. Wright Mills, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alifundisha kwamba kazi kuu ya elimu hii ni kuunganisha taabu ya mtu mmoja na mambo ya umma mzima: mtu mmoja akikosa kazi katika mji ambao wengine wote wana kazi, yafaa kuutazama ujuzi na mwenendo wake, lakini maelfu wakikosa kazi kwa pamoja, hapo kuwalaumu mmoja mmoja ni dhuluma, na sababu lazima itafutwe katika namna nchi ilivyopangwa. Mzazi anayemlaumu kijana wake kwa uvivu, hali vijana wa nyumba kumi za jirani wamekaa vivyo hivyo, angefaidika sana na fundisho hilo.

Tuchukue jambo lililotokea karibu, nasi tuliseme kwa heshima ya waliofikwa. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliingia katika kundi la magari, abiria na wachuuzi kwenye njia panda ya Londiani, na watu zaidi ya 50 wakafariki dunia. Watu wetu wana kauli ya kufarijiana kwamba ajali haina kinga, na matangani kauli hiyo ina mahali pake. Lakini mwanafunzi wa elimu ya jamii, baada ya kuomboleza pamoja na wengine, ana wajibu wa kuuliza zaidi. Kwa nini soko limekua ukingoni mwa barabara ya malori? Kwa sababu mnunuzi wa mchuuzi ni msafiri, maana jirani naye ana kabichi ile ile shambani mwake. Kwa sababu kibanda kilichojengwa mbali na barabara hukosa wateja, na mama mwenye karo ya kulipa hawezi kuwangoja wateja wasiokuja. Na kwa sababu waliochora barabara waliyahesabu magari, lakini hawakuyahesabu maisha yatakayoota kando yake. Akifika hapo mwanafunzi huyo atatambua kwamba msiba uliodhaniwa kuwa ni kudura peke yake umetokana pia na namna ardhi, biashara, usafiri na sheria vilivyopangwa, na kwamba kilichopangwa na watu chaweza kupangwa upya na watu.

Nchi ya Wakipsigis katika vitabu

Wako wanaodhani kwamba elimu hii ni kitu kigeni kwa vilima vya Kericho na Bomet. Mambo yalivyo ni kinyume cha dhana hiyo, kwani Wakipsigis ni miongoni mwa kaumu za Kenya ambazo maisha yao yaliandikwa mapema. Mwaka 1939 John Peristiany alichapisha mjini London kitabu kizima juu ya taratibu za jamii ya Wakipsigis, akaeleza marika yao, ndoa zao na sheria zao, na jinsi watu wa kokwet moja, yaani ujirani mmoja, wanavyokaa pamoja kuamua mashauri yao. Ian Orchardson, mlowezi aliyeishi miaka mingi katika nchi hiyo na akaoa humo, aliacha maandiko yaliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1961. Katika miaka ya 1980 Monique Borgerhoff Mulder alikaa miongoni mwa Wakipsigis akichunguza ndoa na mahari, akaonyesha kwa hesabu kwamba katika kuchagua mume, ardhi ambayo mke mpya angeipata kwa kweli ilipimwa kwa makini. Jambo ambalo shangazi yeyote wa Kedowa angelisema, lakini ambalo sasa limethibitika kwa njia isiyoweza kupuuzwa na mwenye kuandika sera.

Nyuma ya vitabu hivyo nchi yenyewe ilikuwa ikigeuka kwa kasi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 ikipita Londiani. Ardhi ikatwaliwa na walowezi. Makampuni makubwa ya chai yakaingia Kericho katika miaka ya 1920. Na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikawahamisha kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai wa Wakipsigis hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, ambako walikaa mpaka uhuru ulipokaribia. Baada ya uhuru walowezi walipoondoka, familia za makabila mbalimbali zilinunua na kugawiwa ardhi katika sehemu za Londiani na Kipkelion, na wakulima wadogo wakaanza kuchuna chai yao wenyewe chini ya KTDA, mamlaka ya maendeleo ya chai iliyoundwa mwaka 1964. Hakuna hata moja katika mambo hayo lililokwisha na mwaka wake. Madai ya ardhi yangali yakipelekwa mbele ya mabaraza ya kimataifa, na ujirani wa makabila ungali ukitaka kulindwa kila uchaguzi unapokaribia. Na mwenye kutaka kuielewa Kedowa ya leo lazima aujue mnyororo huu wote.

Kadhalika Waafrika wenyewe hawakukaa kungoja kuandikwa na wengine. Jomo Kenyatta, aliyesoma London kwa mwalimu Bronisław Malinowski, alitoa mwaka 1938 kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu, akiwa mwenyeji anayeieleza jamii yake kwa lugha ya kitaalamu na kuitetea ardhi yake. Mwaka 1948 iliundwa huko Makerere, Uganda, taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki, ambayo Audrey Richards alikuwa mkurugenzi wake wa awali. Na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoundwa mwaka 1963 kilipogawanyika mwaka 1970 na kuzaa vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam, elimu ya jamii ilikwisha kuwa na makao katika vyote vitatu. Leo kijana wa Kedowa ana Egerton kule Njoro, ana Moi kule Eldoret na Maseno upande wa ziwa, fauka ya Nairobi na Kenyatta. Na Kericho yenyewe ina Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopewa hati yake mwaka 2013.

Historia hii inamhusu kijana wetu kwa sababu ndani yake yumo yeye. Mgeni aliyekuja na daftari alihitaji mkalimani, akahitaji miezi mingi kabla ya kuaminiwa, na hata hapo yapo aliyofichwa. Kijana aliyelelewa Kedowa amekwisha kuyapata kwa maziwa ya mama mambo hayo ambayo mgeni aliyalipia kwa miaka. Ajua lini mzee husema analolifikiri na lini husema la kumridhisha mgeni, na ajua neno gani la Kikipsigis halina ndugu katika Kiswahili wala Kiingereza. Akiyaongezea ujuzi wa chuo, atakuwa na kitu ambacho hakiwezi kununuliwa kutoka ng'ambo.

Miaka minne ya chuo

Mwenye kutaka shahada ya sosiolojia nchini Kenya ahitaji alama ya wastani isiyopungua C+ katika mtihani wa KCSE, na nafasi za vyuo hugawanywa kwa njia ya KUCCPS, ambako orodha ya kozi hutolewa kila mwaka, nayo yapasa kusomwa kwa makini kabla ya kuchagua. Masomo aghalabu huchukua miaka minne. Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi hufundishwa misingi: jamii ni nini, utamaduni hupokewaje, tabaka hujengwaje. Baadaye huingia katika nadharia za wakubwa wa fani, akina Durkheim, Marx na Weber, kisha matawi hufunguka mbele yake: elimu ya familia na ukoo, ya vijiji na kilimo, ya miji, ya viwanda na kazi, ya maradhi na afya, ya uhalifu na adhabu, ya jinsia, ya dini, na ya kuongezeka na kuhama kwa watu.

Lakini moyo wa kozi hii, ambao wanafunzi wengi huukimbia na baadaye wakajuta, ni mbinu za utafiti na takwimu. Hapo ndipo mtu hujifunza kutunga swali lisilompa muulizwaji jawabu mdomoni. Kuchagua kaya mia tatu ambazo zaweza kusema kwa niaba ya kaya elfu thelathini. Kuongoza mazungumzo ya kikundi bila ya mwenye sauti kubwa kuwanyamazisha wengine. Kulinda siri ya aliyeaminiwa nayo. Kuziingiza hesabu katika kompyuta na kuzisoma bila ya kuzilazimisha ziseme asichokiona. Na mwishowe kuandika taarifa ambayo mtu mwenye haraka ataielewa. Katika mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufanya utafiti wake mwenyewe na kuuandika, na likizo moja au zaidi hutumika katika mafunzo ya kazini. Mwanafunzi aliyeutumia utafiti huo kuuliza, kwa mfano, kwa nini watoto wa vibarua wa chai huacha shule katika miezi fulani, atatoka na kitu cha kumwonyesha mwajiri. Ama yule aliyenunua kazi iliyoandikwa na mwingine atatoka na karatasi tupu yenye muhuri.

Milango ya kazi

Mlango wa kwanza ni wa serikali. Kila kaunti ndogo ina maafisa wa maendeleo ya jamii, ambao kazi yao ni pamoja na vikundi vya wanawake na vijana, na mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee waliofikisha miaka 70, na kaya nyingine zenye dhiki, shilingi 2,000 kwa mwezi. Wako maafisa wa watoto, wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ambao hushughulikia kesi za watoto waliotelekezwa, waliopigwa, waliotoroshwa shule au wanaogombaniwa na wazazi waliotengana. Wako pia maafisa wa probesheni, na kazi yao yastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, maana ndani yake elimu ya jamii huonekana dhahiri shahiri. Kijana akikutwa na hatia ya wizi, hakimu aweza kuagiza taarifa kabla ya kutoa hukumu. Basi afisa huenda nyumbani kwa kijana, akazungumza na wazazi, na chifu, na mwalimu wake wa zamani, na hata na yule aliyeibiwa, kisha akaandika kijana huyu ametoka katika maisha gani, ni nani atakayemsimamia, na kama jamii iko tayari kumpokea. Kwa kalamu ya afisa huyo mtu aweza kuepushwa na gereza akatumikia adhabu yake kwa kazi ya umma, chini ya sheria ya mwaka 1998. Sijui kazi nyingi ambazo taarifa ya kurasa chache huweza kugeuza maisha ya mtu namna hiyo.

Mlango wa pili ni wa hesabu ya watu na utafiti. Sensa ya mwaka 2019, iliyofanywa kwa vishikwambi badala ya makaratasi, ilihesabu watu 47,564,296 katika Kenya, miongoni mwao 901,777 katika Kaunti ya Kericho na 875,689 katika Bomet. Na kati ya sensa moja na nyingine hufanywa tafiti nyingi za kaya, za afya, za kilimo na za elimu, zinazotaka wasimamizi wanaojua kwa nini mtu hudanganya idadi ya ng'ombe wake na namna ya kumuuliza asidanganye. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa maradhi iliyoanzishwa mwaka 1979, ina kituo chake Kericho, na kwa miaka mingi imechunguza virusi vya ukimwi pamoja na wafanyakazi wa mashamba ya chai. Na daktari mwenye dawa nzuri humhitaji mtu wa kumweleza kwa nini mgonjwa aliyepewa dawa hiyo hakuimeza.

Mlango wa tatu ni wa chai yenyewe, nao haujatumiwa ipasavyo. Mwezi wa Februari 2023 shirika la habari la BBC lilitangaza uchunguzi wake juu ya wasimamizi waliowadai wanawake miili yao ili wapewe kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Na mwezi wa Mei mwaka huo huo watu wenye ghadhabu, wakihofia kazi zao, waliziteketeza mashine za kuchuna chai. Mhandisi aweza kueleza mashine moja hufanya kazi ya vibarua wangapi, na mhasibu aweza kueleza ni shilingi ngapi zitaokolewa. Lakini kaya iliyotegemea mshahara wa mchunaji mmoja itaishije mashine ikija, ni nani mwenye mamlaka juu ya nani katika safu za chai, na mwanamke aliyedhulumiwa huogopa kumwambia nani na kwa sababu gani, hayo ni maswali ya elimu ya jamii. Makampuni yanayouza chai katika masoko ya nje hukaguliwa kuhusu hali ya wafanyakazi, na viwanda vya wakulima wadogo, kama vile vya Litein, Momul na Kapkoros, vina maelfu ya wanachama wanaotaka kuelezwa bei na bonasi zao kwa ukweli. Katika ofisi za ajira na ustawi wa wafanyakazi, za malalamiko, na za uhusiano na wenyeji, mwenye shahada hii ana nafasi, nayo ni nafasi ya kuzuia moto kabla haujawaka.

Mlango wa nne ni wa mashirika yasiyo ya kiserikali, ya dini na ya kimataifa, yanayoshughulika na maji, na wakimbizi, na elimu ya wasichana, na amani. Palipo na kumbukumbu ya 1992 na 2008 kazi ya amani si pambo. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, pamoja na kamati za amani za mahali kwa mahali, huhitaji watu wanaoweza kuuona uhasama ungali uvumi. Isitoshe, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hutaka miradi mikubwa ipimwe athari zake kabla ya kujengwa, na katiba ya mwaka 2010 hutaka wananchi washirikishwe katika mambo yao. Na mtu anayejua kuendesha kikao ambacho mjane na kibarua wote wawili wanasema, si diwani na tajiri peke yao, ataitwa.

Tena iko milango ambayo shahada hii huifungua nusu, na mwenye kuingia ahitaji ufunguo wa pili. Asiyesomea ualimu hawezi kusajiliwa na TSC, tume ya walimu, kufundisha sekondari, na sosiolojia pekee si somo la shule hizo. Ushauri nasaha una sheria yake ya mwaka 2014 na usajili wake. Kufundisha chuo kikuu hutaka shahada ya uzamili na ya uzamivu. Mwandishi wa habari, mchungaji, afisa wa polisi na mwanasiasa hufaidika sana na elimu hii, lakini kila mmoja ana mafunzo yake. Kwa upande wa siasa mifano haikosekani: Kofi Busia, mwanasosiolojia, alikuwa waziri mkuu wa Ghana kuanzia 1969 hadi 1972, Fernando Henrique Cardoso alitoka katika fani hii akawa rais wa Brazil, na Martin Luther King alichukua shahada yake ya kwanza ya sosiolojia mwaka 1948, kabla ya kuingia katika theolojia.

Mfano wa Katama Mkangi

Kati ya waliosoma fani hii katika Kenya, yuko mmoja ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa kazi nyingine. Katama Mkangi, mwana wa pwani, ni mwandishi wa riwaya za Ukiwa, Mafuta na Walenisi; lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa kufundisha sosiolojia chuo kikuu. Mwaka 1983 kilitoka kitabu chake cha utafiti juu ya Wataita, ambamo alichunguza mageuzi ya umilikaji wa ardhi na gharama ambazo familia ndogo huwatwika watu maskini. Wakati ambapo wakulima walikuwa wakihubiriwa kila siku kwamba umaskini wao umetokana na wingi wa watoto, yeye alikwenda kuwauliza wakulima wenyewe na kuitazama ardhi iliyokuwa mikononi mwao. Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa, na baada ya kuachiliwa hakuacha kufundisha, kuandika wala kushiriki siasa, mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 2004. Swali lake la Taita, la ardhi inayopungua na familia inayohukumiwa na watu walio mbali nayo, ni swali la Kedowa pia. Na maisha yake ni ushahidi kwamba mwenye elimu hii aweza kuwa na kalamu mbili, moja ya takwimu na moja ya fasihi, na zote mbili zikawatumikia watu wale wale.

Nasaha za mwisho

Tungekuwa tunawadhulumu wazazi lau tungenyamaza juu ya ugumu. Wahitimu ni wengi kuliko nafasi za kudumu. Kazi ya kwanza aghalabu huwa ya mkataba wa miezi michache, ya kubeba dodoso kutoka mlango hadi mlango katika matope. Na wako waliohitimu miaka mingi iliyopita ambao wangali wanangoja. Sababu moja ya hayo iko nje ya uwezo wa kijana, nayo ni uchumi wa nchi. Lakini nyingine iko mikononi mwake. Basi anayechagua fani hii na azishike takwimu asizikimbie. Ajifunze angalau programu moja ya kompyuta ya kuchambua hesabu. Akitunze Kikipsigis chake kama mtaji, akisafishe Kiswahili chake na kukinoa Kiingereza chake, maana ataandika kwa lugha moja aliyoyasikia kwa nyingine. Atafute mafunzo ya kazini mapema, hata kama malipo ni nauli tu. Na achague tawi moja, kama afya, au haki za watoto, au kazi na viwanda, alijue vizuri kuliko wenzake.

Wazazi nao tunawaomba wasimpime mtoto kwa jina la kozi peke yake. Wamuulize amejifunza kufanya nini, wamtake aeleze utafiti wake mbele yao kwa lugha ya nyumbani, na akiweza kuwaeleza wakamwelewa, wajue kwamba ada yao haikupotea. Serikali za Kericho na Bomet, na viwanda vya chai vilivyomo, navyo vina deni: kila mwaka hulipa fedha nyingi kwa washauri wanaotoka mbali kuja kuandika juu ya watu wa hapa, hali watoto wa watu hao wamekaa nyumbani na shahada zao. Kuwaajiri vijana wawili au watatu wenye ujuzi, wakazunguka katika kokwet na kambi za vibarua mwaka mzima wakisikiliza na kuandika, hakungegharimu zaidi ya ripoti moja ya mshauri, na kungewapa viongozi kitu ambacho ghasia za mwaka 2023 zilionyesha kwamba hawakuwa nacho, nacho ni kujua mapema watu wao wanafikiri nini. Elimu inayowapa watawala ujuzi huo, na kuwapa wanyonge msemaji mwenye ushahidi, inastahili kusomwa na mtoto mwerevu wa nyumba yoyote, na inastahili kulipwa.